Herufi 64 Zinazopita Bure Juu ya Mombasa

Abiria anayeketi mbele katika matatu ya Mtwapa huliona jambo hili kila siku bila kulitilia maanani. Dereva anapobadilisha stesheni, kioo cha redio huonyesha jina la kituo badala ya namba ya masafa, na pengine chini yake hupita jina la wimbo au tangazo la duka la fanicha. Maandishi hayo hayakutoka kwenye intaneti, wala gari halikununuliwa bando. Yamekuja na mawimbi yaleyale yaliyoleta sauti ya mtangazaji. Maoni yangu ni kwamba sisi wa Pwani tumeiachia njia hii kazi ndogo mno, ilhali inaweza kutufikishia mambo ambayo kwa sasa tunayalipia au tunayakosa kabisa.

Mfumo wenyewe ni wa zamani. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya ulichapisha maelezo yake mwaka 1984, na hadi leo unajulikana kwa herufi RDS. Sauti ya kawaida ya FM hutumia nafasi ya hadi kilohezi 15 (kilohezi ni kipimo cha masafa). Kwenye kilohezi 19 hukaa ishara ya kuiongoza stereo. Tofauti ya sauti ya kushoto na ya kulia hukaa kati ya kilohezi 23 na 53. Kisha kwenye kilohezi 57, mahali ambapo sikio halisikii lolote, hupita data. Kasi yake ni biti 1187.5 kwa sekunde, na zaidi ya thuluthi moja ya hizo hutumika kukagua na kusahihisha makosa. Kwa kasi hiyo, picha moja ya megabaiti moja ingechukua zaidi ya saa 3 kufika, hata kama kituo kingeacha kutuma kitu kingine chochote. Anayetarajia video basi aendelee kununua bando. Lakini ujumbe mfupi wenye herufi zisizozidi 64, ambacho ndicho kipimo cha maandishi ya RDS, hufika kwa sekunde chache, na hufika kwa wote walio katika eneo la mnara kwa gharama ileile, wawe kumi au laki tano.

Hapa ndipo Mombasa inapohusika kwa namna ya pekee. Nyaya za intaneti za chini ya bahari hutua kwetu: TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Mtu angedhani kukaa mlangoni pa nyaya hizo kunatukinga, lakini tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima na sisi tukiwemo. Kituo cha FM chenye studio yake papa hapa, mnara wake na jenereta yake, hakihitaji waya wowote wa baharini ili kumfikia mtu wa Likoni. Ni kweli kwamba stesheni nyingi hupokea vipindi kutoka Nairobi. Ndiyo maana ninazitegemea zaidi stesheni zilizozaliwa Pwani na zinazotangaza kutoka Pwani.

Ni nini basi kitumwe? Ningeanza na maji. Mvuvi wa Mji wa Kale, nahodha wa mashua ya kukodi na kijana anayechimba chambo ufuoni wote hupanga siku yao kwa kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hapa Kilindini hukaribia mita 4. Ujumbe wenyewe ungeweza kuwa hivi: KILINDINI: MAJI KUJAA 10:20, KUPWA 4:10. KUSI KALI NJE YA MWAMBA. Ukihesabu pamoja na nafasi na alama, bila nukta ya mwisho, utapata herufi 64 kamili, na hakuna mvuvi atakayeuliza kama saa hizo ni za Kiswahili au za Kizungu. Baada ya hapo zingefuata hali ya feri ya Likoni, maji ya mfereji yanapokatwa mtaani, na bei za mafuta ambazo hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Taarifa zote hizi ni fupi, zinawahusu watu wengi kwa pamoja, na hazihitaji jibu. Tena anayezipokea hajulikani na yeyote: redio haitoi namba yako, haisemi uko wapi, wala haihifadhi ulichosoma. Kwangu mimi faida hii peke yake ingetosha, ingawa sioni wengi wakiijali.

Wapo waliojaribu kuifanya FM kuwa njia kubwa ya data, na historia yao inafaa kutupunguzia ndoto. Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft ilianza kupeleka habari, hali ya hewa na bei za hisa kwenye saa za mkononi huko Marekani na Kanada, kupitia mawimbi ya FM, kwa kasi ya takriban kilobiti 12 kwa sekunde. Watumiaji walilipa ada. Simu zenye intaneti zilipoenea, huduma ilikosa wateja, na mwanzoni mwa 2012 ikazimwa. Ninavyoona, kosa lilikuwa kuuza kwa ada kitu ambacho simu ingekuja kukifanya vizuri zaidi. Huko Japani, kinyume chake, taarifa za msongamano wa barabarani zilianza kupelekwa kwenye magari mwaka 1996, FM ikiwa mojawapo ya njia zake, na huduma hiyo ikaota mizizi kwa sababu ilifanya kazi moja iliyoeleweka.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi yangu, nayo ni usalama. RDS haina muhuri wa kuthibitisha mtumaji. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Italia, Andrea Barisani na Daniele Bianco, walionyesha kwamba kwa vifaa vya bei nafuu mtu anaweza kuingiza taarifa za uongo za barabarani katika vifaa vya kuongoza magari. Hata bila nia mbaya mambo huharibika: mwaka 2022 kituo kimoja cha Seattle, kinachotumia FM ya kidijitali, kilituma faili za picha ambazo majina yake hayakuwa na kiambishi cha kuonyesha aina ya faili, na mifumo ya redio ya magari kadhaa ya Mazda ikaganda. Kwa hiyo sipendekezi hata kidogo kwamba onyo la kimbunga litegemee maandishi haya peke yake. Mtangazaji alisome kwa sauti yake, na maandishi yabaki kuwa kumbukumbu kwa aliyekosa kusikia.

Kikwazo kikubwa kimo mifukoni mwetu. Simu za kabambe nyingi zina redio, lakini simu janja za bei ya juu zimeiacha, au zina chipu yenye uwezo huo ambayo haikuwashwa kiwandani. Zaidi ya hayo, waya wa hedfoni ndio uliokuwa eriali. Sasa tundu lake limezibwa na tumeuziwa hedfoni zisizo na waya. India mwaka 2023 iliwashauri watengenezaji wahakikishe redio ya FM haizimwi katika simu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo huidhinisha simu kabla hazijaingia sokoni, ingeweza kusema vivyo hivyo.

Stesheni za Pwani hazina haja ya kusubiri hilo. Jedwali la maji ya Kilindini huchapishwa mapema kwa mwaka mzima, kwa hiyo kituo chenye kifaa cha RDS kinaweza kuliingiza lote katika kompyuta kwa siku moja, na tangazo la fanicha likaendelea kupata zamu yake.