Bustani yangu imezaa madume matatu

Hili balaa lilianza na kalkuleta ya simu. Nimekaa zangu usiku umeme umekatika sina la kufanya, nkaanza kupiga hesabu za mboga, mchicha mafungu mawili, nyanya, kitunguu, hoho ya kunogeshea, leo elfu na mia tano kesho elfu mbili, zidisha mara thelathini, nkaona karibu hamsini elfu inaondoka kila mwezi na hapo nyama hatujaigusa. Na uwanja ninao. Uwanja mzima umekaa tu huku Chanika kazi yake kuota ndago na kuanikia nguo. Nkamwambia mama watoto kuanzia leo kwenye nyumba hii mboga hainunuliwi. Akaniangalia akasema "haya". Wanaume wenzangu hiyo "haya" mnaijua.

Kesho yake nkaingia YouTube nkamkuta jamaa kavaa gambuti zinang'aa kama zimetoka dukani asubuhi ile, anachuma nyanya kubwa kama ngumi, anasema ndugu mtazamaji ni rahisi sana. Video dakika kumi na nne jamaa hajainama hata mara moja. Pale ndo nilipaswa kushtuka.

Basi nkanunua jembe, reki, keni ya kumwagilia, mbegu, nkaagiza na samadi viroba sita. Ikaja na bodaboda, imefungwa nyuma inatoa mvuke, mi nkafurahi, nkasema hii mbolea ina nguvu. Nkaichanganya kwenye matuta siku ileile, nkahamishia na miche ya nyanya juu yake. Siku ya nne miche imejikunja, majani pembeni yamekauka kama yamepigwa pasi. Kumbe samadi mbichi inachemka humo ardhini inaunguza mizizi, inatakiwa irundikwe ikae kama miezi mitatu hivi mpaka iwe nyeusi, ukitia mkono isikuchome na isinuke zizi. Nani kaniambia? Hakuna. Wameniambia baada ya kuungua, mtaa mzima, mmoja mmoja, mpaka mtoto wa darasa la tano. Na ng'ombe kumbe mbegu za majani anazokula nyingine zinapita tumboni salama salmini, kwahiyo juu ya ndago zangu nikawa nimenunua magugu mapya kwa pesa taslimu na nauli ya bodaboda nimelipa mimi.

Mchicha ndo ulinipa moyo. Mchicha mtu yeyote anaweza, wiki tatu nne unachuma. Ila ile mbegu ni ndogo kama unga, ukimwaga kwa mkono inaangukia sehemu moja yote, unatakiwa uchanganye na mchanga mkavu ndo uisambaze. Mi nilimwaga. Ukaota kona moja umebanana kama abiria wa daladala la asubuhi na tuta lote lililobaki kipara. Sawa, nkasema hiyo kona ni yangu, nitaipenda hivyohivyo.

Siku ya kumi na mbili wakaja kuku wa mzee jirani.

Kuku wa kienyeji huku kwetu hawana mipaka, ni raia wenye haki zote. Na hawali tu, kula ningevumilia, wanafukua! Anapiga mguu wa kulia, anapiga wa kushoto, anarudi nyuma anaangalia kama kuna mdudu, hakuna, anahamia mchicha unaofuata. Nkaenda kistaarabu. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu. Mzee, nimekuja kuhusu hawa kuku. Mzee akaangalia kuku wake, akaniangalia mimi, akasema mwanangu, kuku kusoma hajui, wewe uliyesoma weka wavu. Sasa hapo utajibu nini? Nkanunua wavu. Wavu na miti na fundi wa kuchimbia hiyo miti, hesabu yangu ikawa imepita laki na themanini na ndani ya sufuria hakujaingia hata jani.

Halafu huyuhuyu mzee ana mwembe dodo umeegemea ukuta wangu. Majani yanadondokea kwangu, nafagia mimi. Maua yanadondokea kwangu, nafagia mimi. Kunguru wanakaa kwenye matawi ya upande wangu na wanachokifanya wanakifanyia kwenye nguo zangu. Embe zikiiva, jamani, zote ziko upande wa kwake! Mti mmoja, sijui umesomea sheria wapi.

Nyanya nilirudia, safari hii kwa adabu, samadi imeoza vizuri, nimeweka vijiti, nimezifunga kamba, nakata vichipukizi vya pembeni kama kinyozi. Zikabeba. Nkapiga picha nkatuma kwenye grupu la familia, shangazi akaweka makofi matano. Ndani ya wiki mbili nikaanza kuona mistari myeupe kwenye majani, kama mtoto kachora na chaki, majani yanakauka, na nyanya zenyewe zina vitundu vidogo kama za sindano. Bwana shamba alipopita akashika jani moja tu akasema, kantangaze. Kantangaze gani tena? Kumbe ni kipepeo kidogo cha usiku, asili yake huko Amerika ya Kusini, kimeingia Tanzania mwaka 2014, kinataga kwenye majani, kiwavi kinachimba humohumo ndani kinakula kati ya ngozi na ngozi, dawa ukipuliza juu yeye kajifungia chumbani. Mdudu katoka huko mbali kavuka bahari nzima kapita mashamba ya watu wenye heka ishirini, kaja Chanika kwenye miche kumi na moja. Na jina ndo linanimaliza, kantangaze. Nenda ukanitangaze. Nakutangaza sasa, umefurahi?

Watu wakaanza kunipa dawa. Majivu. Sabuni ya unga. Pilipili kichaa. Mmoja akasema ponda mwarobaini loweka usiku kucha chuja pulizia, na kweli wakulima wengi wanautumia. Sasa kuponda kwa mkono majani ya ndoo nzima nani anaweza, nkachukua blenda ya mama watoto. Nkaiosha. Naapa niliiosha, mara mbili, na limao. Jumamosi mama mkwe akaja, akatengenezewa juisi ya pasheni, akanywa fundo la kwanza akanyamaza. Akanywa la pili kwa heshima. Akaniita pembeni kwa upole, baba, kama ndani kuna mgonjwa wa malaria mniambie tu, msinitibu na mimi kwa siri. Blenda ile mpaka leo ukitengeneza juisi ya embe inamalizia na ladha ya hospitali. Kantangaze nao walibaki, nadhani waliona ni kachumbari.

Maji sitaki hata kuongea. Huku yanatoka saa nane usiku, siku yanayojisikia. Kwahiyo mimi baba mzima naweka alamu, naamka, naburuza mpira gizani na bukta, najaza madumu, nimesimama pale nasikiliza dumu linavyojaa kama mlinzi. Halafu ikaja masika, mwezi wa nne, mwezi mzima niliokuwa naomba maji ukanijibu siku tatu mfululizo. Matuta yakaondoka. Hayakuharibika, yaliondoka, nilienda kuyaona kwa mama wa nyumba ya tatu bondeni. Bamia zangu mbili zilikuwa zimesimama kwake vizuri tu na akakataa kuzirudisha, akasema ni riziki.

Lakini kidonda changu chenyewe ni papai.

Nilikula papai moja tamu sokoni Buguruni, tamu mpaka nikafumba macho, nkachukua mbegu, nkazisugua ule utelezi, nkazianika kivulini, nkaotesha. Nikachagua miche mitatu mizuri kuliko yote, minene, yenye afya, mingine nikagawa. Mitatu hiyo nimeilea kama watoto wa kuzaa. Maji ya kuoshea mchele yao. Maganda ya mayai yao. Ikanipita urefu. Mwezi wa sita hivi ikatoa maua, mengi, meupe, yamening'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni za bibi harusi, nkamwita mama watoto aje aone, nkamwambia hesabu hayo maua, kila ua papai, tutakula, tutauza, tutawapa mpaka wagonjwa.

Mzee jirani akachungulia juu ya ukuta. Akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, hayo madume."

Yote matatu. Kumbe mpapai una dume na jike, na ukishika mche huwezi kujua mpaka utoe maua, jike ua lake kubwa limekaa karibu na shina, dume ndo hilo la kuning'inia. Wataalamu wanasema panda miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ng'oa madume bakiza jike, na kwenye majike kumi unaacha dume moja wa kuchavusha. Mimi niliyechagua minene mwenyewe nikapatia madume matupu, na miche niliyogawa, sikilizeni hapa, mmoja nilimpa mzee jirani, umezaa! Umejaza kuanzia shingoni mpaka kiunoni! Na chavua inatoka wapi? Kuna dume jingine mtaa huu? Hakuna. Ni vijana wangu. Nalisha mimi, namwagilia mimi saa nane usiku na bukta, wanaenda kuhudumia upande wa pili wa ukuta. Nkamwambia mzee, kwa utani lakini siyo utani sana, mzee hapo si kuna mahari yangu kidogo? Akasema mahari analeta upande wa dume.

Ushauri haukukosa hapo napo. Wengine, pigilia msumari kwenye shina utageuka jike. Wengine, ukate kichwa. Nikapigilia msumari wa inchi nne. Sasa hivi nina dume lenye msumari, mama watoto anaanikia taulo.

Mwembe wa kubebesha nao, ule wa kisasa uliounganishwa juu ya shina la mwembe wa kawaida, nilinunua barabarani, muuza miche kaapa miaka mitatu unakula embe. Mbuzi akapita akala kichwa. Nikalia, lakini baada ya muda ukachipua upya chini, kwa nguvu, nikajua Mungu yupo. Bwana shamba akaja akainama akanionyesha kale kakovu kwenye shina, kilichochipua kimetokea chini ya kovu, yaani kile cha kisasa ndo kilienda na mbuzi na ninachokimwagilia ni mwembe wa kawaida uliokuwa umebebeshwa. Utazaa? Utazaa. Lini? Akahesabu kwa vidole, akaanza mkono wa pili, nkamwambia basi.

Sasa nitawaambia kitu na kibaki hapahapa. Ile ahadi ya mboga hainunuliwi sikuweza kuirudisha nyuma. Mwanaume nimesema. Kwahiyo kwa miezi miwili hivi nikawa nikitoka kazini napita kwenye genge la dada pale kituoni, nachukua mchicha na tembele, nazungukia nyuma ya nyumba, natia keni maji nalowesha mikono, napaka na udongo kidogo kwenye suruali, naingia jikoni nimeshika mboga juu, "mama, bustani hiyo!" Anasema "haya". Watoto wanapiga makofi. Nilikuwa najisikia vizuri sana, sitadanganya.

Juzi nimeingia na mchicha wangu, mama watoto anakatakata kitunguu hata hakugeuka. Akasema mchicha wetu siku hizi unaota umeshafungwa na kamba ya mgomba? Nkaangalia mkono. Kamba ipo. Nkasema aah, hii nimeifunga mwenyewe usimwagike.

Akafuta mkono kwenye kanga, akafungua kikombe cha sarafu, akahesabu, akaniwekea mezani. "Mia tatu yako hiyo. Dada wa genge kasema jana uliondoka mbio hukusubiri chenji."

Nkaichukua. Nkabeba keni nkaenda kumwagilia madume yangu.