Mwalimu wa muziki naye anahitaji wa kumsikiliza

Kuna muhula nilikuwa nikisikia kengele ya saa kumi jioni tumbo linanikata. Na hiyo ndiyo saa niliyokuwa naipenda kuliko zote nilipoanza kazi, maana ni saa ya kwaya. Ilikuwa muhula wa pili, msimu wa mashindano, na kama umewahi kufundisha muziki sekondari hapa Kenya nadhani umeshanielewa.

Kwa ambaye hajui, Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na kila mwaka shule zinaanzia chini kabisa, zinapanda kaunti, kanda, mpaka taifa. Watu wanaona trofi na basi la shule linaingia getini likipiga honi. Hawaoni kwamba mwalimu ni mmoja, na huyo mmoja ana wimbo wa lazima wa sauti nne, ana wimbo wa kiasili na ngoma yake, ana watoto wa kuimba peke yao, ana kijana wa orutu, ile fidla ya Waluo ya kamba moja, ambaye kamba imekatika na hakuna ya akiba, halafu asubuhi ana vipindi kama wenzake, wiki hiyo yuko dyuti, na kidato cha nne wanamsubiri kwa praktiko ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwaya ikianguka stafrum nzima inajua imeanguka ya nani.

Mwaka huo niliiandikisha shule vipengele tisa vya mashindano. Tukifika kaunti mimi sauti sina, kwa sababu mazoezi yenyewe nilikuwa nayafanya kwa koo, naimba soprano, nashuka alto, narudi tena, namalizia besi, kila siku masaa mawili. Nikaanza kufoka. Jioni moja msichana wa alto alikosea sehemu ileile mara ya tatu nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu, akatoka nje analia na mimi sikumfuata. Nilikaa kwenye benchi nikajiambia mwakani naomba nifundishe Kiswahili tu, muziki basi.

Baadaye sana ndiyo nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka huu uchovu wa kazi kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, na likasema wazi si ugonjwa, ni hali inayotoka kwa presha ya kazini ambayo haikushughulikiwa. Nguvu zinakuishia, unajitenga na kazi yako au unaanza kuidharau, na unajiona huna cha maana unachofanya. Nikahesabu, yote matatu ni mimi.

Sasa hapa ndipo nina maoni yangu. Tumeshaletewa watu wa kutuzungumzia stress, lala mapema, kunywa maji, fanya mazoezi, na sisemi ni vibaya. TSC, tume inayoajiri walimu, nao wana mpango wa kuwapokea walimu wapya na kuwapa walezi, na mimi naunga mkono kabisa. Lakini mwalimu wa hesabu akiambiwa atafute mlezi anageuka tu, wako watano idara moja. Mimi wa muziki nigeukie wapi? Idara ni mimi. Hakuna mtu pale shuleni anayeweza kupita dirishani akasikia kwamba waimbaji wa sauti ya tena (tenor) wako chini ya noti kwa sababu wamechoka na si kwa sababu hawajui. Huo upweke ndio unaotumaliza kuliko hata kazi yenyewe, na ndiyo maana naamini mwalimu wa muziki lazima alelewe na mwalimu wa muziki mwenzake, anayejua kusikiliza.

Mimi nilimpata mama mmoja mstaafu aliyefundisha kwaya miaka mingi. Tulijuana tukiwa tumekaa pamoja tukingoja matokeo, nikamwambia ukweli kwamba nataka kuacha, akasema Jumamosi nitakuja. Akaja kweli. Akakaa nyuma saa nzima hakusema kitu, anaandika tu. Nikadhani ananiandikia makosa ya kwaya, kumbe alikuwa anahesabu mara ngapi mimi nimeimba. Akanionyesha karatasi, akaniambia, "Mwanangu, alto wako wameimba kidogo kuliko wewe. Utakufa koo na wao hawatajua kitu."

Akachagua watoto wanne, mmoja kila sauti, akawakazania kusoma tonik solfa, yaani noti za do re mi, mstari wao peke yake. Wiki tatu hivi yule wa besi alikuwa anaweza kuwachukua wenzake chini ya mti wakajifunza ukurasa mzima bila mimi, na mimi nikawa nafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya miezi, nimekaa kwenye kiti nasikiliza. Halafu akanisaidia lile gumu zaidi, kupunguza vipengele kutoka tisa hadi vinne. Mimi nilikuwa naogopa kumwambia mkuu wa shule. Yeye akasema usiende kulalamika, andika masaa yote ya wiki yako kwenye ukurasa mmoja umpe asome. Mkuu alisoma, akanyamaza, akakubali vinne.

Mwaka uliofuata tulitolewa kaunti. Usiku simu ikalia ni yeye, na hakuniuliza tumekuwa wa ngapi, aliuliza alto waliingiaje pale ukurasa wa pili. Waliingia vizuri. Nilimweleza karibu nusu saa.

Ila menta, yaani huyo mlezi, asiwe mtu anayejaza fomu ya kukupima kazi, kwa sababu huyo huwezi kumwambia kwamba siku hizi unawachukia watoto. Asiwe pia mtu unayeshindana naye. Na menta wa kukufundisha kuvumilia tu simtaki, maana kama mwalimu mmoja anafanya kazi ya watatu basi shule inahitaji walimu wengine wawili, na mlezi mzuri ndiye wa kwanza kukuambia hivyo.

Haya mambo yananiuma zaidi sasa kwa sababu ya mtaala mpya. Junior sekondari, gredi 7 hadi 9, muziki uko ndani ya Sanaa na Michezo, kwa hiyo mwalimu mmoja anategemewa afundishe kuimba, kuchora na kuruka viunzi. Gredi 10 wa kwanza wameingia 2026 na kuna njia nzima ya masomo (pathway) ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Vijana wengi wanatumwa kwenye shule ambazo wao ndio mwalimu wa muziki wa kwanza kuonekana hapo. Na ajabu ni kwamba nyatiti, kinubi cha Waluo, tunawaambia wanafunzi hujifunzi kwa kitabu, unakaa na mpigaji mpaka vidole vizoee, halafu mwalimu mwenyewe tunampa silabasi na ufunguo wa stoo yenye ngoma mbili zilizopasuka.

Nimeanza kwenda kwa mmoja, mwalimu wa mwaka wa pili kazini, ni mwendo wa matatu mbili. Jumamosi ya kwanza nilimkuta sauti imekwisha kabisa, anapiga makofi ili watoto wamwangalie. Nikamwambia, "Madam, kaa kwanza." Nikashika kibodi nikawapigia alto mstari wao dakika arobaini, na yeye akakaa pale mbele anakunywa chai yake, anawasikiliza.