Herufi zenye mikia

Juzi nimetuma shilingi 50,000 kwa mtu nisiyemjua, na kosa si langu. Kosa ni la tarakimu moja iliyovaa shela.

Chanzo ni kadi ya mchango. Mnazijua. Siku hizi haziletwi kwa mkono, zinadondoka kwenye simu saa tatu usiku, wakati umeshapiga hesabu ya mwezi na kuona kwamba, Mungu akipenda, mtafika tarehe 30 mkiwa hai. Hii ilikuwa ya maandishi ya dhahabu juu ya rangi ya maziwa, yaani maandishi hayaonekani, yanahisiwa. Jina la bibi harusi lilianza na herufi iliyojikunja kama mzizi wa mkoko. Mke wangu kasoma Rehema, mimi nikasoma Zelema, bwana harusi hatukumfikia kabisa. Chini kulikuwa na namba ya mweka hazina. Ile moja yake ina kofia, ina kiuno, ina mkia. Nikaiona saba. Jina likatokea kabla sijathibitisha, jina la mwanamume mtu mzima, nikasema huyu ndiye. Nikabonyeza namba ya siri.

Dakika kumi baadaye nikapigiwa simu. "Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie." Nikaitikia amina, tena kwa unyenyekevu. Ndipo nikamwuliza, hivi harusi yenyewe ni tarehe ngapi? Akasema, "Harusi gani?"

Ameahidi kurudisha mwisho wa mwezi. Hakutaja mwezi gani.

Sasa mimi nauliza, kama mtu mzima na mlipa kodi ya chumba: ni nini kinachowasumbua watu na herufi? A ni A. Tulifundishwa ubaoni kwa chaki nyeupe, tukaielewa, tukachapwa, tukaendelea na B. Nani alikuja kuongeza maua?

Shemeji yangu, kwa mfano, kafundishwa kwamba ukiweka nyota mbele na nyuma ya neno, WhatsApp inalikoleza. Hakuambiwa kwamba nyota isiachane na neno. Basi ujumbe wake unafika na nyota zote nje: * mama * anaumwa * tumeni * nauli *. Unasoma kama umelala chali unaangalia anga la Dodoma. Kuna tanzia tuliyoletewa mwaka jana, rangi ya waridi, ina vipepeo. Marehemu alikuwa fundi seremala wa miaka themanini na kitu. Wenzetu Kenya kuna wakati serikali ilichoka: mwaka 2004 matatu zikaamriwa kupiga mstari wa njano ubavuni na kutulia. Miaka kama kumi baadaye michoro ikaruhusiwa tena, ikarudi na hasira. Daladala zetu za Dar angalau ule mstari wa rangi una kazi. Hata asiyejua kusoma anajua la kwao ni lipi, kisha anakosa nafasi kama sisi tuliosoma.

Lakini hayo yote ni dibaji. Niwaambie yaliyonikuta steshenari.

Nyumba tunayopanga, hapa Mbagala, ina vyumba saba na mita moja ya umeme. Sina haja ya kueleza zaidi. Mimi ndiye mkusanyaji wa pesa ya LUKU, cheo nilichopewa siku ambayo sikuwepo. Kila mwezi nagonga milango sita. Chumba cha nne hawafungui, ila redio yao naisikia inapunguzwa. Nikasema hapana, sasa tutakwenda kiofisi. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: "Mchango wa umeme ni shilingi 10,000 kwa kila chumba, kabla ya tarehe 5." Nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda kwenye kibanda cha steshenari pale kituoni, wanapotoa kopi, wanapiga picha za pasipoti, wanasajili laini na kuuza barafu za ubuyu.

Pale kuna binti mmoja, kucha ndefu kama za kuchimbia muhogo, lakini anachapa huwezi kuamini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nataka karatasi moja, mstari mmoja na nusu, maandishi meusi."

"Meusi tu?"

Lile "tu" ndilo lililoniponza. Ningeondoka pale pale.

Akachapa ndani ya pumzi moja. Nikatoa mia mbili mfukoni, nikaiweka mezani. Hakuitazama. "Haya baba, tuchague mwandiko." Nikamwambia huo huo uliopo unatosha. "Huu ni wa kawaida, baba." Nikamjibu kwamba hata mimi ni wa kawaida. Akacheka, akafungua orodha. Orodha ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, miandiko yenye majina kama ya wachezaji wa Italia, mingine imelala, mingine imenuna, mmoja herufi zake zote zinatoa majani. Nikakumbuka jina moja kutoka kozi ya kompyuta niliyosoma wiki mbili mwaka 2003, nikalitoa kwa kishindo: "Weka Times New Roman!"

"Aa, huo wa wazee."

Na kweli ni wa wazee. Lile gazeti la The Times la London lilianza kuutumia mwaka 1932. Una umri wa marehemu babu yangu, na kama babu, haujawahi kumchekea mtu. Ndiyo maana niliutaka! Mimi nakusanya madeni, sialiki watu kwenye ngoma.

Akaniwekea mwingine, wa mviringo mviringo, kama ulioandikwa na mtoto wa darasa la pili aliyekula akashiba. Comic Sans. "Huu watu wanaupenda, unachekesha." Mpwa wangu anayesomea usanifu wa michoro amekuja kunieleza habari zake baadaye, na tangu hapo sijapata usingizi mzuri. Anasema, "Mjomba, mwaka 1994 kulikuwa na bwana anaitwa Vincent Connare, anafanya kazi Microsoft. Akaona programu moja ina mbwa wa katuni anayeongea, na maneno yake yameandikwa kwa Times New Roman. Akaona haifai mbwa aongee kama gazeti. Akaanza kumtengenezea mwandiko wake." Nikauliza, mbwa akafurahi? "Haukumwahi, mjomba. Programu ikatoka kabla mwandiko haujakamilika." Yaani mbwa mwenyewe aliukosa, ukazunguka dunia nzima ukitafuta kazi, na leo umefika Mbagala kudai pesa ya umeme kwa niaba yangu.

Tuendelee. Binti akaja kwenye rangi. "Baba, tuweke damu ya mzee?"

Nyuma yangu foleni ilishakuwa ya watu wanne. Mtu mmoja akakohoa.

"Mzee yupi?" nikauliza.

"Rangi, baba. Hiyo hapo. Inaheshimika."

Kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya leseni akachangia bila kuombwa: "Weka na kivuli, mzee, neno linyanyuke." Mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha, uso umeshapakwa poda tayari, akasema damu ya mzee peke yake itapooza, ichanganywe na chungwa, na pembeni yazungushwe majani ya kijani. Kamati ikawa imekamilika. Mimi mwenye tangazo nikawa mjumbe mwalikwa. Binti akabonyeza mahali, mstari wangu ukapinda kama upinde wa mvua, "Mchango" mwanzo wa mlima, "tarehe 5" inateleza upande wa pili. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa kiranja: "Mwanangu. Nirudishie nyeusi."

Akaacha kibodi. Akanigeukia, na hapo ndipo aliponiweza.

"Baba, nikikuwekea nyeusi hawatasoma. Karatasi nyeusi mlangoni huwa ni ya nini? Notisi ya kuhama. Mnada. Wito wa mahakama. Mtu akiiona kwa mbali anapita ukutani kama mjusi. Ukiweka rangi anasogea. Akishasogea, ameshasoma."

Nikatafuta jibu. Nikapekua maisha yangu yote nikitafuta karatasi moja ya maandishi meusi, manyoofu, iliyowahi kuniletea heri. Matokeo ya kidato cha nne: meusi. Barua ya kupunguzwa kazini: meusi, tena nakala tatu. Hati ya hospitali ya kulipia kabla ya kumtoa mtoto wodini: meusi na mhuri. Nikaona basi, kumbe hawa watu wenye vipepeo hawajichekeshi, wanakimbia. Nikasema weka rangi. Mama wa poda akapiga makofi.

"Rangi ni elfu moja, baba."

Mnaona?

Printa nayo ikagoma. Njano imeisha. Nikauliza nyeusi ipo? Ipo. Basi toa nyeusi, mwanangu, Mungu ameshaamua. "Haikubali, baba, inataka njano kwanza." Nimeishi miaka mingi katika nchi hii, nimeona daladala haliondoki mpaka lijae na lifti inayomsubiri mwenye ufunguo, lakini mashine yenye wino mweusi inayokataa kutoa weusi kwa sababu njano haipo, hiyo ni elimu mpya. Binti akashikilia kitufe fulani muda mrefu, kama anayemziba mtu mdomo, ikakubali kwa shingo upande. Karatasi ikatoka bila njano. Chungwa limekuwa waridi. Majani ya kijani yamekuwa bahari. Damu ya mzee imekuwa zambarau, kama mzee mwenyewe amepigwa baridi. Kijana wa bodaboda akasema, "Si mbaya." Nikalipa elfu.

Nikaibandika getini saa kumi na moja jioni, nikakaa kibarazani kusubiri madeni yaje yenyewe.

Wa kwanza kufika ni Mama Shukuru wa chumba cha pili. Akasimama mbele ya karatasi. Akasogea, binti alisema kweli, akasogea. Kisha akapiga kigelegele. "Jamani baba, hongera! Kumbe binti kaposwa na mnatuficha!" Nikamwambia asome. Akasema miwani iko ndani, ila ameona neno mchango, na mwaka huu atatoa baada ya kumaliza ada. Wa chumba cha sita aliuliza ukumbi. Wa chumba cha saba alitaka kujua kama sare ndiyo hiyo zambarau, maana yeye haimpendezi. Wa chumba cha nne alitoka, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema tuko pamoja, akarudi ndani akafunga.

Hakuna aliyetoa hata senti! Elfu yangu ya rangi, na elfu hamsini ya kule kwa bwana amina, na bado mita inalia pi, pi, pi usiku kucha kama kifaranga, na mimi ndiye ninayeisikia kwa sababu mita iko kwenye ukuta wangu! Samahanini. Nimepandisha sauti. Ila mtu unaweza kweli kuishi hivi? Unaandika kwa staha, hawasomi. Unaandika kwa maua, wanasoma maua!

Usiku mvua ikanyesha. Wino wa ile mashine unaogopa maji kama paka. Asubuhi karatasi ilikuwa na doa moja kubwa la zambarau, na chini yake "kabla ya" imebaki peke yake. Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani herufi kubwa, nyeusi, zisizo na mkia. Mwenye nyumba aliisoma kwanza yeye, na kopo la rangi nyeupe amesema nitanunua mimi.

Umeme ulikatika jana kipindi cha pili, matokeo mbili mbili.

Basi leo jioni naingia zangu getini, nimechoka, naona uwani mke wangu kaanika kanga mpya. Ile kanga ina rangi kuliko steshenari nzima. Pindo limejaa korosho, mjini, yaani katikati ya kanga, kuna nanasi linalokaribia kupasuka, nyekundu inagombana na kijani. Lakini jina lake limekaa mahali pake, ndani ya kisanduku, herufi kubwa zilizosimama wima kama mgambo, hakuna aliyepinda, hakuna mwenye kivuli. Hata zamani majina ya kanga yalipoandikwa kwa herufi za Kiarabu nasikia yalikaa hapo hapo, maana jirani lazima asome akiwa upande wa pili wa njia. Nimeisoma kutoka getini, jua linazama, bila miwani:

SINA SIRI NINA JIBU

Nimesimama pale muda. Kanga sikumnunulia mimi. Na katika hii nyumba sikumbuki kumwuliza mtu swali, ukiacha lile la elfu hamsini, ambalo yeye ndiye aliyeniuliza, mara tatu, na mara ya tatu nilijifanya nimelala. Nimemfuata jikoni, nimemwambia kwa upole, mama, ile kanga ya uwani, jibu ni la nani?

Akasema maji ya kuoga yanapoa.

Nimekwenda kuoga. Gizani, maana chumba cha nne bado hawajatoa.