Si Kilele Kilichoifanya Kilimanjaro Kuwa Makazi

Wiki hii kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa kwetu Moshi limezunguka tangazo la dalali mmoja: viwanja vya mita 20 kwa 20, vimepimwa, barabara inafika, mlima unauona ukiwa kitandani. Pichani kuna udongo mwekundu uliosawazishwa na greda, vigingi vya zege, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mbali. Ambaye hakukulia kule ataona eneo zuri. Mimi naona kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilichong'olewa migomba yote, mti wa kivuli wa mringaringa uliobaki kisiki, na mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, uliofukiwa kifusi. Nimekasirika, na sitaki kuficha.

Kinachouzwa pale ni kilele. Lakini wazee wetu hawakupanda mlima ule ili watazame kilele. Juu kabisa ni jangwa la mawe na baridi, hakuna hata kiazi kinachoota. Barafu yenyewe imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa 1912, na mchango wake kwenye mito yetu ni mdogo sana. Maji yetu yanatoka msituni. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika mteremko wa kusini unapandishwa, unapoa, unamwaga mvua. Ukanda wa mwinuko wa mita 2,000 hivi unapata mvua nyingi kuliko kilele na kuliko tambarare. Miti inaupokea hata ukungu, matone yanashuka polepole ardhini, kisha yanatokeza chini kama chemchemi. Mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu, yote ni watoto wa msitu ule. Yanayobaki yanaingia Mto Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa Mto Pangani, yanakwenda kuzungusha mitambo ya umeme Hale kabla ya kumwagika baharini.

Asiyeamini apande gari la abiria la Noah pale Himo aende Marangu Mtoni. Himo kuna vumbi, jua linachoma. Gari linapanda kidogo tu, masikio yanaanza kuziba, hewa inabadilika, na pande zote mbili za barabara migomba imefunga. Mwendo mfupi, nchi mbili tofauti. Ndiyo maana familia nyingi zilikuwa na kihamba juu na shamba la mahindi na maharage chini. Mama zetu walishuka tambarare kuvuna, wakarudi na mabua kichwani kwa ajili ya ng'ombe wa bandani. Samadi ya ng'ombe ikaenda kwenye migomba. Kahawa ikakua kivulini mwa migomba. Mteremko ndio uliopanga maisha hayo.

Sasa huu mfongo ambao watu wanaufukia kana kwamba ni mtaro wa maji machafu. Wazungu waliofika mlima ule karne ya 19 walikuta watu wana mifereji. Mtu alitoa maji kwenye korongo kule juu, akayazungusha ubavuni mwa kilima kwa kilomita kadhaa, akiyaacha yateremke kidogo kidogo ili yasikate udongo, bila kifaa chochote cha kupimia. Ukoo uliochimba ndio ulisimamia zamu. Usiku maji yanajaa kwenye bwawa dogo, asubuhi mwenye zamu anafungua, anaelekeza kihambani kwake, akimaliza anaziba kwa bonge la udongo na gome la mgomba, na maji yanakwenda kwa jirani. Asiyetokea siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini. Mpangilio wote huo unategemea njia moja isiyokatika. Ukijaza kifusi kwenye mita 20 za kiwanja chako, umewakausha wote walio chini yako, na wewe bado unauona mlima vizuri kutoka kitandani.

Najua kwa nini watu wanauza. Kihamba kilichogawiwa wana, kisha wajukuu, kimebaki kipande ambacho hakilishi familia, na bei ya kahawa imewavunja moyo wengi. Mzazi akiugua, ardhi ndiyo benki. Simlaumu mjane anayeuza. Na kijana asiyetaka kuishi kwenye baridi ya Julai na utelezi wa masika ana haki yake.

Lakini kuuza si lazima kuwe kung'oa. Mnunuzi anaweza kujenga akaacha mringaringa na safu za migomba, na mfongo ukapita mahali pake. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inalinda mita 60 kutoka kwenye mito. Serikali za vijiji ziitumie, na zisigonge mhuri kwenye mauziano yoyote ambayo ramani yake haionyeshi maji yanapita wapi. Mwenye kufukia afukue kwa gharama yake.

Na sisi tunaojaza mabasi ya kwenda kwetu kila Desemba, tukirudi tunakaa vikao vya ukoo, tunachanga za makaburi na za harusi, tunakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tunaondoka. Mwaka huu tuliweke suala la mfongo kwenye ajenda kabla ya michango. Wazee wanaojua unaanzia korongo gani bado wapo. Tupande nao mpaka kwenye banio, pale maji yanapotolewa korongoni, na vijana wabebe majembe.