Geji ya gari isitumike kuihukumu chensoo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepasua mbao huku kwetu Mafinga alinijia na chensoo yake (msumeno wa injini) ndani ya kiroba, na mkononi alishika silinda na pistoni mpya ambazo hazijatolewa kwenye boksi. Aliniomba nimfungie tu, kwa sababu fundi mwingine alikwisha kuipima mashine na kumwambia kuwa imeisha kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa ndani ya silinda. Geji ilisoma psi 70 (pauni kwa inchi ya mraba), naye akakopa fedha za spea siku hiyo hiyo. Kabla sijalegeza nati hata moja niliipima upya kwa geji yangu, ikasoma 120. Silinda ile haikuwa na ubovu wowote. Kilichopasuka kilikuwa ni mpira unaounganisha kabureta na silinda, na kama ningetii nikafunga silinda mpya na kuuacha ufa ule, hewa ya ziada ingeendelea kuingia, mafuta yenye oili yasingetosha, na pistoni ya mkopo ingeungua kabla mkopo wenyewe haujalipwa.

Jambo hili limeniuma, kwa maana fundi yule hakudanganya. Alisoma alichokiona, ila alikisoma kwenye geji ya gari ambayo valvu yake ya kuzuia hewa isirudi iko juu, karibu na saa yenye mshale, hivyo mpira wote unaoshuka hadi kwenye tundu la plagi unageuka kuwa sehemu ya chumba cha mwako. Mpira wa sentimita 30 wenye tundu la milimita 5 unabeba karibu cc 6 za hewa. Kwa silinda ya gari yenye cc 400 au 500, ambayo chumba chake cha mwako kina cc 40 au zaidi, nyongeza hiyo haileti tofauti kubwa. Kwa chensoo ya cc 50, nafasi inayobaki pistoni inapofika juu ni cc 7 hivi, na ukiiongezea 6 umeifanya iwe karibu mara mbili, huku hewa inayosukumwa ikiwa ile ile. Zaidi ya hayo, pistoni inaposhuka hewa iliyoingia kwenye mpira hurudi chini, kwa hiyo kila unapovuta kamba unaanza upya. Geji ya mashine ndogo ni lazima iwe na valvu kwenye ncha ile inayofungwa mahali pa plagi, na valvu hiyo ikichoka isibadilishwe kwa ya tairi, kwa sababu springi ya tairi ni ngumu zaidi na inameza sehemu ya presha kabla saa haijaiona.

Liko pia suala la mwinuko, ambalo sisi wa nyanda za juu tunalisahau mno. Ile 150 ambayo mafundi wengi wanaikariri kama kipimo cha mashine isiyo na ubovu ni ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,800 hivi hewa ina shinikizo la karibu asilimia 80 tu ya lile la pwani, na mashine ambayo ingesoma 150 Tanga itasoma kama 120 hapa, bila kuchakaa hata kidogo. Ni chensoo ngapi nzima zimefunguliwa Mufindi kwa sababu ya namba ya pwani?

Mengine yanajulikana: choki iwe wazi, eksileta ibanwe hadi mwisho, kitufe cha kupunguza mgandamizo kiwe kimefungwa, waya wa plagi uguse chuma, na kamba ivutwe hadi mshale uache kupanda. Silinda iliyojaa oili itasoma juu kuliko hali yake halisi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hata geji ya gari inaweza kuonyesha mashine ile ile imeshuka kiasi gani tangu mwaka jana, mradi fundi aliandika kipimo cha kwanza. Wengi hatuandiki. Hata hivyo, kutoa ekzosi ni kazi ya dakika chache, na ukimulika tochi kwenye tundu lake utaiona pistoni na ringi kwa macho yako, mikwaruzo ikiwapo au isiwepo. Hakuna sababu ya mtu kuambiwa anunue silinda kabla hilo halijafanyika.

Juzi nilimwomba yule fundi aje na geji yake. Tulichukua mashine yangu ya cc 50 ambayo naijua ni nzima, tukaipima kwa geji zote mbili, mara tatu kila moja, kisha akaandika tofauti kwenye kipande cha plasta na kukibandika nyuma ya saa, pamoja na ukubwa wa mashine, kwa kuwa tofauti hiyo haifai kwa ya cc 70. Kijana naye amerudisha silinda dukani na bado anasubiri fedha zake.