Raga: refa mmoja, timu moja, vilio viwili

Usiku wa Oktoba 28, 2023, saa nne kwa saa zetu, tulikuwa kama watu kumi mbele ya runinga moja huku Njiro, Arusha. Wengi walikuwa wamebaki tu baada ya soka kuisha, na bado walikuwa wanauliza kwa nini mpira huu unapasiwa nyuma. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand, jijini Paris. Kipindi cha pili Aaron Smith wa New Zealand akatumbukia na mpira kwenye eneo la trai, yaani nyuma ya mstari wa wapinzani, ambako mpira ukigusishwa chini unahesabiwa trai, bao kubwa la raga, na hata wasiojua sheria wakasimama. Kisha refa Wayne Barnes akashika sikio, akasikiliza, akafuta.

Sababu ni kwamba Ardie Savea alikuwa ameugonga mpira mbele kwa mkono, ambalo ni kosa, pale mpira uliporushwa ndani kutoka pembeni, muda kidogo kabla. Rafiki yangu Mkenya, anayeendesha watalii kati ya Namanga na Serengeti, akagonga meza: "Lakini imegonga kweli, si mnaona?" Jirani yake, kijana aliyewahi kucheza raga shuleni, akamjibu: "Kaka, imegonga. Ila huko nyuma hawaruhusiwi kuangalia."

Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana ubishi ule haujaisha mpaka leo.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi. Trai ikipatikana, mwamuzi wa video anaruhusiwa kurudi nyuma awamu mbili tu kutafuta kosa la kawaida. Awamu moja ni pale mwenye mpira anapoangushwa, rundo linaundwa, mpira unatoka tena. Mchezo mchafu hauna mpaka huo, unaweza kufuatwa popote ulipo. Kosa la Savea halikuwa mchezo mchafu, na lilikuwa nyuma zaidi ya awamu mbili. Kwa hiyo jibu lilikuwa la kweli ila limepatikana kwa mlango usioruhusiwa. Afrika Kusini ikashinda 12-11.

Sasa mrudishe Barnes huyo huyo miaka 16 nyuma. Oktoba 6, 2007, Cardiff, robo fainali, New Zealand dhidi ya Ufaransa. Barnes ana umri wa miaka 28. Wafaransa wanapata trai ya Yannick Jauzion, ambayo mwanzo wake ni pasi iliyokwenda mbele, kinyume cha sheria, kutoka kwa Damien Traille kwenda kwa Frédéric Michalak. Uwanja mzima uliona kwenye marudio, lakini Barnes na wasaidizi wake hawakuiona, na mwamuzi wa video wa enzi zile hakuwa na ruhusa ya kuzungumzia pasi ya katikati ya uwanja. Ufaransa 20, New Zealand 18. Safari hii mlango uliotumika ulikuwa halali kabisa, na jibu likawa la uongo.

Shabiki wa New Zealand, kwa hiyo, ameumizwa na sheria iliyofuatwa na ameumizwa na sheria iliyovukwa, na mara zote mbili kipenga kilikuwa mdomoni mwa mtu yule yule. Ukimwambia achague anataka ipi, nadhani atakuomba kwanza umnunulie soda.

Upande wa rafiki yangu una nguvu, na siku hizi ndio wenye wafuasi wengi. Kamera zipo, tena nyingi. Mashabiki kwenye baa ya Njiro wanaona marudio ndani ya sekunde kumi, na ni kichekesho mwenye kipenga awe mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kujua kilichotokea. Trai iliyotokana na kosa ni mali ya wizi. Kama Barnes angeiacha na Afrika Kusini ikapoteza kwa pointi hizo, leo tungekuwa tunaandika uchambuzi mwingine, wenye machozi ya rangi nyingine.

Bado nasimama na yule kijana. Raga si kama soka, ambako matukio ya kubishaniwa huwa machache: mkono, kuotea, rafu ndani ya boksi. Kwenye raga kila rundo lina kosa ndani yake. Kuna aliyeingia kwa pembeni, kuna aliyelala upande usio wake, kuna mkono uliochelewa kuachia mpira. Refa mzuri ni yule anayejua makosa gani yameathiri mchezo na yapi ayapite. Ukiruhusu kurudi nyuma bila mpaka, utalipata kosa kila mara, na swali litabadilika. Halitakuwa tena "je, kuna kosa?" Litakuwa "yule bwana wa kwenye chumba cha video ameamua kurudisha mkanda hadi wapi, na kwa ajili ya nani?" Mpaka wa awamu mbili hauzuii makosa hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia tuhuma, nami naona tuhuma zinaua ligi haraka kuliko makosa.

Nasema hivi nikiwa nimewahi kushika kipenga mara moja. Ilikuwa mechi ya vijana hapa Arusha, kiwanja kimeloa baada ya mvua za Aprili, na refa aliyepangwa hakufika. Nilidhani naijua sheria. Rundo la kwanza nikaona miguu kumi na miwili, mikono isiyohesabika, na mpira ukatoka upande nisioutarajia. Nikapuliza. Mzazi mmoja akaniuliza kwa sauti nimepuliza nini, na ukweli ni kwamba sikuwa nimejua bado. Nikanyoosha mkono upande mmoja kwa sababu lazima unyooshe.

Kuna mechi ya tatu ambayo wanaolilia ukweli kamili huipenda, na mimi pia naipenda, kwa sababu tofauti. Oktoba 18, 2015, Twickenham, robo fainali, Uskochi inaongoza Australia 34-32, dakika zimebaki mbili hivi, mvua. Waskochi wanarusha mpira karibu na eneo lao wenyewe, wanaurusha mrefu, wanaupoteza. Mpira unagongwa, unamfikia Jon Welsh akiwa mbele ya aliyeugusa, anaudaka. Refa Craig Joubert anatoa penalti kwa kuotea. Bernard Foley anaupiga katikati ya nguzo. Australia 35-34. Joubert anapuliza ya mwisho na kuondoka uwanjani mbio, bila kupeana mikono na mtu.

Kesho yake Shirikisho la Raga la Dunia likatangaza kwamba uamuzi ulikuwa na makosa: mpira uliguswa na Nick Phipps wa Australia kabla ya kumfikia Welsh, hivyo ilipaswa kuwa skramu, yaani timu mbili zishikane na kusukumana kugombea mpira. Tena likaeleza kwamba Joubert asingeweza kuomba video kwa tukio la namna ile.

Watu wengi husahau kwamba skramu yenyewe ingekuwa ya Australia. Wangekuwa na mpira, mbele ya nguzo, wakiwa nyuma kwa pointi mbili tu. Uskochi iliporwa nafasi ya kujilinda, na huo ni unyang'anyi mkubwa, ila haikuporwa ushindi uliokwishakamilika. Na mpira ule walioupoteza waliurusha wenyewe. Hali kadhalika 2023: New Zealand ilicheza sehemu kubwa ya mechi ikiwa na watu 14 badala ya 15 baada ya kadi nyekundu ya Sam Cane, ikapata trai ya Beauden Barrett, lakini Richie Mo'unga akakosa mkwaju wa nyongeza unaopigwa baada ya trai, kutoka pembeni, na Jordie Barrett akakosa penalti ya mbali mwishoni. Yeyote kati ya wale wawili angefunga, jina la Barnes lisingetajwa Njiro.

Waswahili tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali nzuri, ila nimechunguza: sijawahi kuisikia ikisemwa na aliyefungwa.

Kadi ya Cane inahitaji neno moja. Mwanzoni ilikuwa ya njano, kisha maofisa walio nje ya uwanja, ambao hupewa dakika nane kuangalia, wakaipandisha kuwa nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Baadaye Siya Kolisi wa Afrika Kusini naye akapewa ya njano kwa kugongana vichwa, ikabaki njano. Mfumo unapima kiwango cha hatari na yale yanayopunguza uzito wa kosa, na ukitulia unaweza kuona tofauti ya matukio yale mawili. Usiku ule hakuna aliyetulia.

Hizo zote ni mechi za mtoano, ambako ukitoka umetoka. Hoja ya kawaida ya wanaotetea waamuzi ni kwamba kwenye ligi ndefu makosa hujisawazisha: leo umeumizwa, mwezi ujao utapendelewa. Hapa ndipo ninapoachana nao.

Chukua United Rugby Championship, ligi inayofuatiliwa sana huku kwetu kwa sababu ina timu nne za Afrika Kusini: Bulls, Stormers, Sharks na Lions. Timu 16, kila moja mechi 18, nane za juu zinaingia mtoano, na aliye juu kwenye msimamo anacheza nyumbani. Ushindi pointi nne, sare mbili. Ukifunga trai nne unaongezewa moja. Ukifungwa kwa tofauti isiyozidi saba unapata moja ya kufutia machozi. Sasa chukua timu mbili zinazogombea nafasi ya nane. Dakika ya mwisho moja inaongoza 22-20, inaelekea kupata nne na mwenzake moja. Refa anatoa penalti ya makosa, inafungwa, 23-22. Wa kwanza anabaki na moja, wa pili anabeba nne. Kutoka kumzidi mwenzake kwa tatu hadi kuzidiwa kwa tatu: pointi sita zimehama kwa pumzi moja ya kipenga. Hakuna kosa la mwezi ujao litakalorudisha sita hizo, kwa sababu mwezi ujao hamtacheza na yule yule, na pengine hamtacheza kabisa.

Na makosa hayalii kwa sauti sawa. Trai ya nne iliyokataliwa mwezi wa kumi, mechi ambayo ulishashinda 30-10, hakuna anayeipigia kelele, wala kocha hataitaja. Imekula pointi moja kamili. Mwezi wa tano timu inakosa nafasi ya nane kwa pointi moja, na lawama zote zinamwangukia refa wa mechi ya mwisho, ambaye labda hakukosea kitu.

Thamani ya kucheza nyumbani nayo tusiikuze mno. Bulls wanacheza uwanja wa Loftus, Pretoria, mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na hapa Arusha, na wageni kutoka Ireland huhema sana dakika ya sitini. Mwaka 2024 Bulls waliitoa Leinster ya Ireland hapo kwenye nusu fainali, 25-20. Wiki iliyofuata wakaipokea Glasgow ya Uskochi kwa fainali, uwanja ule ule, hewa ile ile, wakafungwa 21-16.

Super Rugby Pacific, ligi ya New Zealand, Australia na visiwa vya Pasifiki, walijaribu dawa nyingine mwaka 2025: timu sita kwenye mtoano, na katika walioshindwa raundi ya kwanza, mmoja aliyekuwa juu zaidi kwenye msimamo anaendelea. Chiefs, walioongoza ligi, wakafungwa na Blues 20-19, wakaendelea hivyo hivyo hadi fainali, ambako Crusaders waliwafunga 16-12. Kihesabu ni kinga nzuri dhidi ya kipenga kimoja kibaya. Mimi iliniudhi. Mtoano usiomtoa mtu unaniachia njaa.

Linalonisumbua zaidi ni lile lililotokea baada ya Paris. Barnes alistaafu, akiwa amechezesha mechi 111 za kimataifa. Tom Foley, aliyekuwa mwamuzi wa video usiku ule, alijitoa kwenye mechi za kimataifa kwa sababu ya matusi na vitisho vilivyomfikia yeye na familia yake. Raga ilikuwa ikijivuna kwamba ni nahodha tu anayezungumza na refa, tena kwa heshima, na kwamba sauti ya refa inasikika kwa watazamaji ili kila mtu ajue sababu ya uamuzi. Mwaka 2021 Rassie Erasmus, mkurugenzi wa raga wa Afrika Kusini, alitengeneza video ya zaidi ya saa nzima akichambua makosa ya refa Nic Berry kwenye mechi dhidi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland. Alifungiwa, lakini mlango ulishafunguliwa. Rafiki yangu anasema Erasmus alikuwa sahihi kwenye matukio mengi. Inawezekana. Ni hoja ile ile ya Savea: ukweli uliopitia mlango usiofaa, na safari hii bili akatumiwa mtu mwenye jina na nyumba.

Lile tangazo la 2015 kuhusu Joubert nalo lina sura mbili. Kukiri kosa hadharani ni uungwana kwa Waskochi. Kukiri siku moja baadaye, wakati mtu tayari anazomewa dunia nzima, ni kumsukuma kwenye umati. Ningependa ripoti za waamuzi zitolewe kila wiki, kwa mechi zote, kubwa na ndogo, zikiwa na maamuzi sahihi pamoja na yaliyokosewa. Hapo kosa la Joubert lingekuwa mstari mmoja kati ya mingi.

Mwaka 2027 Kombe la Dunia linakwenda Australia likiwa na timu 24: makundi sita ya timu nne, wawili wa juu wanapita, kisha wanaongezwa washindwa-bora wanne walioshika nafasi ya tatu. Zimbabwe wamo, mara ya kwanza tangu 1991, baada ya kuifunga Namibia 30-28 jijini Kampala Julai 2025. Mechi tatu tu za kundi, na pointi moja ya bonasi inaweza kuwa tofauti ya kupita na kupanda ndege. Kwa tofauti ya saa mechi nyingi zitakuwa mchana kwetu, na rafiki yangu ameshasema siku za Zimbabwe hatapokea wageni. Nimemwambia aje na karatasi ya hesabu. Amesema atakuja na kipenga.