Bima ilipe mashine, na stripu zake pia

Nilipoomba bima inilipie mashine ya kupima INR nyumbani (namba inayopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda), nilijibiwa kwa sentensi moja: kifaa cha matumizi ya nyumbani hakimo kwenye mafao. Niliisoma nikiwa na kidaftari changu mkononi. Ukurasa wa mwezi ule ulikuwa na namba mbili tu, 2.7 na 4.9. Katikati yake zilipita wiki nne ambazo hakuna aliyejua damu yangu ikoje, hata mimi mwenyewe.

Nina valvu ya chuma, yaani kilango bandia cha kupitisha damu, kwenye moyo, upande wa mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto. Mwenye valvu hiyo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Dawa ikipungua nguvu, damu huganda kwenye valvu na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Ikizidi, unavuja damu ndani kwa ndani. Mimi natakiwa nikae kati ya 2.5 na 3.5. Ile 4.9 ilikuja baada ya antibayotiki nilizopewa kwa ajili ya kifua, na siku ya miadi ya maabara ilipofika nilikuwa tayari na michubuko mapajani.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisihamie dawa mpya zisizohitaji kupimwa kila mara. Dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa watu wenye valvu za chuma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Utafiti ulikatishwa njiani kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Kwa hiyo sisi tunabaki na warfarini, na warfarini haiendi bila kipimo.

Kipimo chenyewe si kazi. Unatoboa kidole, unagusisha tone kwenye stripu, kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine, na baada ya kama dakika moja namba inatokea.

Watu wa bima hupenda kutaja utafiti wa mwaka 2010 uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 2,922, ambao haukuonyesha kwamba kujipima nyumbani kila wiki kunachelewesha kiharusi, kuvuja damu kwingi au kifo. Ni kweli, na sitaki kuuficha. Lakini soma walilinganishwa na nani: wagonjwa waliopimwa kliniki kila mwezi, chini ya uangalizi mzuri sana. Ni wangapi kati yetu wana kliniki ya namna hiyo? Halafu mwaka 2012 data za majaribio 11 zilikusanywa pamoja, na ikaonekana kwamba wanaojipima walipata mabonge ya damu karibu nusu ya wenzao. Miongoni mwa walionufaika wazi ni wenye umri chini ya miaka 55 na wenye valvu za chuma. Kuvuja damu kwingi hakukupungua, lakini pia hakukuongezeka.

Tena si jambo la kubuni leo. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, ilianza kulipia kipimo hiki nyumbani kwa wenye valvu za chuma mwaka 2002, na mwaka 2008 ikaongeza wagonjwa wengine wa warfarini. Iliweka masharti: uwe umetumia dawa angalau miezi mitatu, ufundishwe kujipima, na usipime zaidi ya mara moja kwa wiki. Masharti kama hayo nayakubali kwa mikono miwili. Ninachokataa ni mlango kufungwa kabla mtu hajaangalia faili langu.

Rufaa yangu ilipita pale nilipoacha kuandika kwamba nahangaika na foleni. Daktari wangu aliandika aina ya valvu, mpaka wa INR ninaotakiwa, na mara ngapi ndani ya miezi 12 nilitoka nje ya mpaka huo. Nikaambatanisha nakala za kidaftari, kurasa zote, pamoja na ule wa 4.9. Anayekata rufaa aanzie hapo, na aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi.

Ila aombe mashine na stripu kwa pamoja, kwenye fomu ileile. Mimi niliandika mashine peke yake, wakanipa mashine peke yake. Stripu hutumika mara moja na kutupwa. Mashine bila stripu haipimi kitu, lakini kwenye vitabu vyao stripu ni ombi jipya, na ombi jipya huanza foleni upya. Limewasilishwa sasa wiki ya tatu. Kwenye kopo zimebaki stripu nne.